Kariakoo na mwenye nyumba aliyehama

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam haihitaji ramani ya mhandisi ili ueleweke mpango wake. Ukisimama mlangoni unaona ukumbi ulionyooka mpaka uani, kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Mbele kuna baraza. Nyuma kuna ua wenye jiko, bafu, choo, na pengine banda la vyumba viwili vitatu vilivyoongezwa baadaye, pesa zilipopatikana. Mwenye nyumba hukaa chumba cha mbele, au hushika upande mzima kama familia yake ni kubwa. Vilivyobaki ni vya wapangaji: fundi cherehani na mkewe, kuli wa bandarini, karani, mjane anayechoma vitumbua alfajiri. Kila mlango una pazia. Wote wanapita ukumbi ule ule, wanachota bomba lile lile, na asubuhi wanasubiriana mlango wa choo kile kile.

Nimeanza na nyumba hii kwa sababu ndiyo iliyoijenga Kariakoo, na tunaposimulia habari za mtaa ule huwa tunairuka. Masimulizi tuliyoyazoea ni mafupi: zamani Kariakoo yalikuwa makazi ya watu, wafanyabiashara wakaja, ghorofa zikapanda, wenyeji wakatolewa. Yanasikitisha vizuri, hasa yakitoka kwa mzee mwenye picha za zamani mkononi. Lakini nani aliwahi kujenga vyumba sita ili alale katika vyote? Nyumba ile ilikuwa biashara tangu tofali lake la kwanza la udongo. Biashara haikuvamia makazi ya Kariakoo; ilizaliwa nayo. Jambo lililobadilika katika miaka hii mia na ushei ni jingine, nalo halipigiwi kelele: mwenye nyumba ametoka ndani ya nyumba yake. Mengi tunayoyalalamikia leo, pamoja na majanga ya miaka ya karibuni, yamepita kwenye mlango alioutokea yeye.

Mahali penyewe palikuwa shamba. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860 ulikuwa umebanana kandokando ya bandari. Wajerumani walipoufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, walitunga kanuni za ujenzi zilizougawa mji kwa aina ya nyumba: upande wa nyumba za Kizungu zenye nafasi na bustani, upande wa nyumba za mawe, upande wa vibanda. Kanuni zilitaja vifaa vya ujenzi, lakini kila aliyezisikia alijua zinataja watu. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ile ilinunua shamba la mlowezi aliyeitwa Schoeller, magharibi ya Mnazi Mmoja, ikachora mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu, ikaanza kupima viwanja vya Waafrika. Ikajenga na jengo la soko. Walioujenga ukumbi ule hawakuwahi kuuza ndani yake hata fungu la mchicha, maana Septemba 1916 Waingereza waliingia mjini.

Waingereza walilitumia jengo na uwanja wake kuweka wapagazi wa jeshi, kikosi walichokiita Carrier Corps, na ndimi za mji zikakigeuza Kariakoo. (Nairobi nako kuna Kariokor, ndugu wa jina moja na msiba mmoja.) Wapagazi wale walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, malaria na kuhara kuliko kwa risasi. Mwaka 1927 askari alisimamishiwa sanamu ya shaba katikati ya mji. Mpagazi, ambaye maandishi ya sanamu ile yanamwita miguu na mikono ya jeshi, aliachiwa jina la mtaa. Hata mitaa yenyewe midogo imebeba vita ile. Narung'ombe na Mahiwa ni majina ya mapigano ya kusini ya mwaka 1917. Leo ukiyataja, mtu anafikiria bei ya jumla.

Mwaka 1923 soko la Kijerumani lilifunguliwa na Waingereza likawa soko kweli. Mwaka huo huo ilitoka sheria ya ardhi ya Tanganyika iliyoiweka ardhi yote mikononi mwa gavana. Mambo haya mawili yasomwe pamoja, kwa sababu ndiyo yaliyoamua sura ya mtaa. Soko lilileta watu. Sheria iliamua watu hao watashika ardhi kwa namna gani, na mkazi wa Kariakoo aliishika kwa muda mfupi tu, akilipa kodi ya kiwanja, bila karatasi ambayo benki ingeikubali kuwa dhamana. Mgawanyo wa Wajerumani uliendelea kwa majina ya Kiswahili ambayo mpaka leo tunayatumia kwa mzaha nusu na uchungu nusu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya mji. Kuachanisha watu kuna majina mengi ya heshima.

Sasa weka pamoja kiwanja kidogo, muda mfupi wa kukishika na benki isiyokutazama. Utajenga nini? Utasimamisha miti, utakandika udongo, utaezeka makuti au madebe yaliyokunjuliwa. Utaanza na vyumba viwili, kimoja chako, kimoja cha mpangaji. Kodi yake italeta mlango wa chumba cha tatu. Mpangaji wa tatu atalipia cha nne. Baada ya miaka kadhaa udongo utageuka tofali za saruji na madebe yatageuka mabati, na yote yatakuwa yamelipwa na watu waliolala ndani. Nyumba ya Kariakoo ilikuwa benki ya mtu asiye na benki. Ndiyo maana wanawake walikuwamo miongoni mwa wenye nyumba: mjane au mtalaka aliyekuwa na vyumba vitatu vya kupangisha hakulazimika kumpigia mtu magoti.

Mwenye nyumba wa aina hii alikuwa karibu mno. Alijua nani amepata kazi na nani ameachishwa, kwa sababu alisikia kikohozi cha mpangaji wake usiku. Alikopesha kodi mpaka mwisho wa mwezi. Aliamua ugomvi wa ukumbini, alisimama msibani kama ndugu, na harusi ya binti wa mpangaji ilifanyika uani kwake. Pia aliweza kuwa dhalimu wa karibu. Alijua saa ngapi umerudi na umerudi na nani, na siku akichoka na deni lako vyombo vyako vilikutwa barazani. Sitaki kumpamba. Ninachosema ni kwamba mema yake na mabaya yake yalikuwa na sura ya mtu uliyekutana naye kila asubuhi ameshika kopo la kupigia mswaki.

Ukaribu huo ulizaa siasa. Chama cha Waafrika, African Association, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na jengo lake lilikuwa mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Humo ndimo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka mmoja kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, na Waafrika waliosoma wakati ule wengi walikuwa watumishi wa serikali. Nani basi angebeba chama? Watu wa soko, wafanyabiashara wadogo, mafundi, akina mama wa vikundi vya ngoma na wenye nyumba. Hawa hawakuwa na mwajiri Mzungu wa kuwatishia barua. Abdulwahid Sykes, mkuu wa soko la Kariakoo, alikuwa mmoja wa waasisi, na Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu mwaka 1955 alipokewa nyumbani kwake kabla ya kujenga nyumba yake Magomeni. Tunapenda kuueleza uhuru kwa hotuba. Mimi naamini kodi za vyumba zilichangia zaidi ya tunavyokiri: zilimpa mtu nafasi ya kukaa barazani mchana wa siku ya kazi, akazungumza siasa bila kuogopa kufukuzwa.

Baraza zile zile zilizaa na mpira. Yanga ya mwaka 1935 imeweka makao Jangwani, Simba ya 1936 imeweka Mtaa wa Msimbazi, mwendo wa miguu kati yao. Nchi nzima imegawanyika kwa ugomvi wa majirani.

Baada ya uhuru chama kiliuona mtaa kwa macho ya nyumba ile ile. Katikati ya miaka ya 1960 ulienea utaratibu wa balozi wa nyumba kumi. Kwa Kariakoo hesabu yake ilikuwa nyepesi: nyumba kumi, vyumba sitini, balozi anamjua kila mtu. Jaribu kuipiga hesabu hiyo leo. Nyumba kumi zinazofuatana zinaweza kuwa majengo kumi ya ghorofa nane au kumi kila moja, na balozi hana hata ruhusa ya mlinzi kupanda ngazi.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Miongoni mwa masharti ya kiongozi lilikuwamo hili: asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba, ambaye miaka kumi iliyopita alikuwa mhimili wa chama, sasa alitajwa pumzi moja na unyonyaji. Aprili 1971 serikali ikapitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Pigo lilianguka zaidi Uhindini na Upanga, kwa wamiliki wa asili ya Kiasia. Nyumba za Kariakoo zilizojengwa kwa udongo na kodi ya mpangaji hazikufika thamani hiyo, zikapona.

Hapa ndipo wachambuzi wengi hupita mbio, na mimi nataka kusimama. Sheria ile haikuigusa nyumba ya vyumba sita, lakini iliihifadhi kama chumvi inavyohifadhi ng'onda. Mtu mwenye kiwanja kizuri Mtaa wa Congo na uwezo wa kujenga ghorofa tatu angejenga kwa nini, na mbele yake kuna mpaka wa shilingi 100,000? Afadhali abaki na mabati yake. Ardhi nayo haikuwa na bei kisheria. Umiliki wa kudumu ulifutwa mwaka 1963, na tangu hapo uliruhusiwa kuuza kilichojengwa juu ya ardhi, wala si ardhi yenyewe. Hivyo kwa miaka ishirini hivi, wakati mji unafurika watu, Kariakoo ilibaki chini. Wengine wanauita utulivu ule utamaduni. Kwa sehemu kubwa ulikuwa woga wa mwenye nyumba.

Kitu kimoja tu kilipanda, nacho kilijengwa na dola. Soko jipya la Kariakoo, kazi ya msanifu wa Kitanzania Beda Amuli, lilizinduliwa mwaka 1975: miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokinga mvua juu na kuacha hewa ipite chini, na ghorofa iliyozama ardhini. Ni katika majengo machache ya umma nchini yaliyofikiria jua na mvua yetu kabla ya kufikiria picha. Kwa hesabu ya mtaa, soko lile lilifanya jambo jingine: liliifanya Kariakoo kituo cha jumla cha nchi nzima. Mteja hakuwa tena mkazi wa Ilala anayetafuta nyanya za jioni. Alikuwa mfanyabiashara wa Songea aliyelala gesti usiku mmoja.

Mteja huyo ndiye aliyeigonga nyumba. Serikali ilianza kulegeza biashara ya nje mwaka 1984, ikiruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia madarakani, na mitaani akaitwa Mzee Ruksa. Bidhaa zikaja: mitumba, vitambaa, redio, vyombo, baadaye simu na kila kinachotengenezwa China. Zilihitaji mahali pa kuonekana, na mahali pa kuonekana ni mbele ya nyumba.

Dirisha la chumba cha mbele likabomolewa, likawekwa mlango wa chuma. Chumba kikawa fremu. Kodi ya fremu ilikuwa mara kadhaa ya kodi ya chumba cha kulala, na ililipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, pengine na kilemba juu yake. Sasa kumbuka chumba cha mbele kilikuwa cha nani. Cha mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhama, na alihama ndani ya nyumba yake mwenyewe: kutoka chumba cha mbele kwenda cha kati, cha kati nacho kilipochukuliwa kuwa stoo akaenda cha nyuma, kisha banda la uani. Mpangaji wake wa miaka kumi na mitano aliambiwa atafute pengine, akaenda Tandika, Buguruni au Mbagala. Ukumbi ukajaa maboksi. Baraza ikawa ya machinga, ambaye naye alilipa kitu kidogo kwa kukalia ngazi ya simenti. Na mama mwenye nyumba akawa anapika uani akisikiliza mji wote ukipita mbele ya chumba alichoolewa.

Mwaka 1991 chama tawala kililegeza masharti ya uongozi kwa uamuzi tuliouzoea kwa jina la Azimio la Zanzibar. Kumiliki nyumba ya kupangisha kukaacha kuwa aibu. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1999 ikakiri kimaandishi jambo ambalo kila dalali alilijua, kwamba ardhi ina thamani. Mwaka 2005 sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ikafutwa. Ukiziweka sheria hizi katika mstari mmoja unaona kitu cha ajabu kidogo: dola ilitumia miaka ishirini na zaidi kumzuia mwenye nyumba asiwe mkubwa, halafu ikatumia miaka kumi na mitano kumwondolea kila kizuizi, na katika vipindi vyote viwili haikuwahi kuuliza nani analala Kariakoo.

Lakini kilichomaliza kazi ni mirathi. Waliojenga nyumba zile kati ya miaka ya 1930 na 1950 walianza kufariki wakati ule ule bei zilipopanda. Nyumba moja ya vyumba sita, watoto saba, wengine wa mama tofauti, na wajukuu wa waliotangulia. Sheria ya mirathi inagawa mafungu kwa usahihi wa kupendeza, matofali hayagawanyiki. Aliye Mbagala anataka fedha yake. Aliye uani anataka mahali pa kulala. Aliye Muscat anapiga simu. Hapo anatokea mtu mwenye mtaji na pendekezo: mnipe kiwanja, nijenge ghorofa kumi, niwaachie maduka kadhaa ya chini na ghorofa moja, au niwalipe mpate kujenga kila mtu kwake. Tangu 2008 kuna sheria inayoruhusu sehemu za jengo moja kuwa na hati zake, kwa hiyo hata karatasi zinawezekana. Familia inakubali. Ningekuwa mmoja wa wale saba, ningekubali pia.

Sitaki msomaji anidhanie ninalilia udongo na makuti. Mtu aliyewahi kusubiri choo cha uani alfajiri ya mvua hatadanganywa na makala. Na kuna haki fulani katika jambo hili ambayo wanaosikitika hawaioni: ardhi ambayo mkoloni aliipima kwa ajili ya watu aliowaona wa muda, wasiostahili hati, imekuja kuwa miongoni mwa ardhi ghali kabisa nchini, na baadhi ya wajukuu wa wapagazi na makuli wamejengewa nyumba Kitunda na kusomeshwa kwa thamani yake. Mpaka wa Uhindini na Uswahilini, uliolindwa na uwanja mzima wa Mnazi Mmoja, umefutwa na fremu kuliko na hotuba yoyote.

Ila tuseme na upande wa pili, kwa sababu kiwanja hakikukua. Ghorofa kumi zimesimama juu ya alama za Mjerumani zilizopimwa kwa nyumba ya chini yenye ua. Ua ndio uliokuwa pafu la nyumba. Ndio ulioingiza hewa, ukanyonya maji ya mvua, ukaficha jiko na choo. Jengo jipya limeumeza ua wote, likasimama ukuta kwa ukuta na jirani yake. Ghorofa za juu, ambazo wapangaji wa zamani wangeweza kurudi kulala, zimejaa marobota, kwa sababu robota halilalamiki maji yakikatika na halihitaji dirisha. Jioni fremu zikifungwa mtaa unabaki kwa walinzi, wabeba mizigo na malori yanayoshusha.

Usiku wa Julai 2021 soko la Amuli liliungua. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka eneo la Mchikichi na Congo likiwa na watu ndani. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, na waliopoteza maisha walizidi 20. Taarifa za awali zilitaja kazi za ujenzi zilizokuwa zikiendelea sehemu ya chini ya jengo. Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo yote. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama na wahandisi, na siwezi kuwatangulia.

Ninachoweza kukisema ni kidogo zaidi. Katika nyumba ya vyumba sita, ufa wa ukuta ulikuwa juu ya kitanda cha mwenye nyumba. Aliuona kabla ya mkaguzi, na kama hakuuziba ungemwangukia yeye. Katika jengo la leo, kiwanja ni cha warithi waliotawanyika, zege ni la mwekezaji, ghorofa ya tatu imeuzwa kwa mtu mwingine, fremu imepangishwa kwa mfanyabiashara aliyeikodisha tena nusu kwa mwenzake, na anayekaa karibu na nguzo kuliko wote ni kijana wa kuuza, ambaye hana mkataba hata wa kazi yake. Ufa ni wa nani? Wakaguzi wanahitajika, hilo halina ubishi. Lakini ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kushika nafasi ya mtu anayelala ndani, na sheria zetu za majengo bado zinaandikwa kana kwamba mwenye nyumba yupo chumba cha mbele.

Wapo wanaosema hakuna njia nyingine, kwamba katikati ya mji mkubwa lazima iwe hivi. Mji wenyewe umevuka watu milioni tano katika sensa ya 2022, kwa hiyo hoja si ya kupuuzwa. Ila kilomita chache tu kutoka hapo, Magomeni Kota, kuna mfano usiofaa kubezwa. Nyumba za chini za serikali zilivunjwa, wakazi wakatawanyika kwa takriban muongo mmoja wa ahadi na mabishano, na mwezi Machi 2022 majengo ya ghorofa yaliyojengwa mahali pale yalizinduliwa kwa ajili ya kaya 644 zile zile zilizoondolewa, kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi. Unaweza kuukosoa mradi ule kwa muda uliochukua na kwa fedha. Hata hivyo mtu aliyekuwa akilala pale kabla ya tingatinga alipewa funguo baada ya tingatinga. Iliwezekana kwa sababu mmiliki alikuwa mmoja, yaani dola, na orodha ya wapangaji ilikuwapo. Kariakoo haina vyote viwili: wamiliki ni maelfu, na wapangaji wa vyumba hawakuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye kichwa cha mama mwenye nyumba.

Kwa hiyo anayetaka Kariakoo ilalwe tena na watu asianze na picha za zamani. Aanze na kibali cha ujenzi: ghorofa ngapi za kulala juu ya ngapi za biashara, na stoo zikae wapi. Aandike mahali fulani, kwa jina, mtu mmoja anayewajibika kwa jengo zima hata kama hati zake ni ishirini. Haya ni mambo makavu, hayaimbiki, na halmashauri yoyote inaweza kuyafanya bila kusubiri bajeti kubwa.

Nyumba za vyumba sita bado zipo, chache, zimebanwa kati ya ghorofa mbili kama mtoto kwenye kiti cha daladala. Nyingi zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hudhani tangazo lile limeelekezwa kwa wanunuzi. Mara nyingi limeandikwa na mrithi mmoja kwa ajili ya warithi wenzake. Ukipita ukaliona, tazama chini yake, upande wa chumba cha mbele, kama bado kuna pazia au wameshaweka mlango wa chuma.